Miavuli Ishirini na Sita

Machi 6

Mke wangu amekufa leo saa tatu asubuhi. Uvimbe kichwani. Alikuwa na miaka arobaini na moja.

Daftari hili lilikuwa la dawa zake. Dawa gani, saa ngapi, nani kampa. Mstari wa mwisho ni kidonge cha saa kumi na mbili. Hakukimeza.

Machi 7

Mvua.

Machi 8

Tumezika. Jeshi lilileta lori moja na askari wanane. Walifunika jeneza kwa bendera, halafu wakaitoa, wakaikunja, wakaondoka nayo.

Mama mkwe alikuwa anaitazama ile bendera. Akaniambia kwa sauti ya kusikika, "Mwanangu angeona walivyoikunja angewarudisha waanze upya." Askari mmoja alitaka kucheka akajizuia.

Yupo koplo mmoja, alikuwa anafanya kazi chini ya mke wangu. Alilia kuliko mimi. Alikuja kunishika mkono, "Pole sana shemeji." Nikamwambia mke wangu hakuwa na kaka. Akasema, "Najua, lakini nilikuwa namwita dada." Nikautoa mkono.

Machi 11

Kiwanda kimefungwa. Mimi nabeba matofali. Mvua ikianza udongo haukauki, matofali mabichi yanayeyuka hata ukiyafunika turubai, kwa hiyo vibarua wote tunarudishwa nyumbani mpaka jua litoke. Msimamizi kasema mtaitwa. Kila mwaka anasema hivyo hivyo.

Niko ndani na mama mkwe. Chumba na sebule. Tunatazamana.

Machi 14

Mvua. Chakula kimeungua. Tumekula hivyo hivyo.

Machi 17

Nimepanga vitu vyake. Sare nne, viatu jozi mbili. Droo imejaa mipira, ile myembamba ya kufungia kamba za mwavuli wa kurukia kutoka kwenye ndege. Ikilegea kidogo tu alikuwa haitumii tena, anaileta nyumbani. Nyumba hii kila kitu kimefungwa kwa mpira wa jeshi, hata mfuko wa chumvi.

Ipo picha ya siku waliyomaliza mafunzo. Wamesimama sita. Habari zao nimezikariri, alinisimulia mpaka nikachoka.

Yeye aliomba ufundi wa injini. Mtihani alifaulu. Karani alimwangalia juu mpaka chini, akamwambia injini zimejaa, wewe mwanamke una mkono wa cherehani, nenda miavuli. Ilichukua dakika moja. Akakaa huko miaka ishirini na moja.

Aliyesimama kushoto kwake alipelekwa rada. Sasa ni ofisa, ana dereva. Yule mfupi alipata injini, akakaa miaka sita akatoka, anatengeneza ndege za abiria, ana kitambi. Mwingine zimamoto, akaungua mkono, wakamweka kupokea simu. Mmoja stoo, huyo mke wangu alikuwa hapendi kumzungumzia. Wa mwisho ni mlinzi wa lango tangu siku ile, kapanda cheo kimoja tu. Wote waliapa siku moja.

Alikuwa ananiambia jeshini kila kazi ina ngazi yake. Ya rada ndefu, unapanda mpaka uchoke. Ya miavuli fupi, na juu pana kiti kimoja cha Sajini Mkuu. Aliyekalia asipoondoka, wewe wa chini unazeeka na usajini wako. Aliyekalia ni mkuu wa karakana, wanamwita Afande Mkuu. Anastaafu Juni. Mke wangu alikisubiri kiti hicho miaka tisa. Alikikosa kwa miezi mitatu.

Sheria yao moja tu nilikuwa naipenda. Aliyekunja mwavuli anaandika jina lake kwenye kadi, kadi inakaa kwenye kimfuko cha mwavuli huo huo. Na siku yoyote mkubwa anaweza kuchukua mmoja rafuni akamwambia aliyeukunja, vaa, panda ndege, ruka. Hakuna kuuliza swali. Yeye aliruka mara sitini na moja. Nilimwuliza, huogopi? Akasema, "Niogope nini, si nimekunja mwenyewe?"

Machi 20

Afande Mkuu kaja. Mtu mnene, kakaa kwenye kiti changu. Kasema barua imeshaandikwa, marehemu atapewa Sajini Mkuu kwenye gwaride la Mei. Picha yake itawekwa ukutani karakana.

Mama mkwe kalia kwa furaha. Mimi nikamwuliza, "Kwa nini mmengoja afe?"

Akasema, "Mzee, kiti kilikuwa na mtu."

"Wewe."

"Mimi ndiyo."

Alipokuwa anatoka kasema yule koplo mlia-lia atashika nafasi ya mke wangu, atapanda kuwa sajini. Ndiyo maana alikuwa analia, nikawaza.

Machi 24

Mvua. Paa linavuja pale pale.

Machi 29

Jana askari mmoja karuka na mwavuli, haukufunguka. Kamba zilishikwa. Akavuta wa akiba akiwa karibu na ardhi. Hakufa. Nyonga na miguu yote miwili.

Jirani ndiye kaniambia, mwanawe yuko kambini. Alikuwa anazunguka zunguka hasemi. Nikamwambia sema. Akasema kadi ilikuwa na jina la mkeo.

Machi 30

Mvua. Sijamwambia mama mkwe.

Aprili 2

Barua ya jeshi. Bodi ya uchunguzi inaniita tarehe 15, kutoa maelezo kuhusu afya ya marehemu.

Mama mkwe kaisoma kabla yangu. Kasoma zaidi yangu, amefika darasa la nane.

"Utawaambia nini?"

"Sijui."

"Hujui nini? Mwanangu alikuwa mzima mpaka siku alipoanguka."

"Mama, wewe mwenyewe uliona vikombe."

"Vikombe vinateleza, baba. Vikombe vya mabati hata mimi vinaniteleza."

Aprili 3

Niandike ukweli, hakuna anayesoma hapa.

Mikono yake ilianza kutetemeka Desemba. Alikwenda kwa daktari wa mjini, hakwenda hospitali ya kambi, maana kambi wangemtoa kwenye meza ya kukunjia siku hiyo hiyo, na anayetolewa mezani hapandi cheo. Kila asubuhi mimi ndiye nilikuwa namfunga vifungo vya sare. Vifungo saba. Anasimama mbele yangu kama mtoto wa shule, anatazama ukuta. Nikimaliza anasema haya, anaondoka.

Mtu asiyeweza kufunga kifungo alikuwa anakwenda kukunja mwavuli ambao mtu ataruka nao. Nilijua hivyo. Nilifunga vifungo nikanyamaza. Aliniomba, "Nivumilie mpaka Juni." Nikasema sawa.

Aprili 5

Afande Mkuu tena. Safari hii hakukaa.

"Mzee, watakuuliza swali moja. Marehemu alikuwa mzima au la. Ukisema mzima, faili linafungwa. Siku ile upepo ulikuwa mbaya, na upepo hauna wakili. Mkeo anapata cheo chake, picha inakaa ukutani."

"Na nikisema hakuwa mzima?"

"Basi ndio mwisho wake. Atakuwa yule mwanamke aliyemvunja askari. Miaka ishirini na moja yote itakuwa hiyo tu."

"Wewe ulikuwa unaiona mikono yake?"

"Mimi natazama miavuli, mzee."

Kaniuliza kiwandani kuna kazi. Nikamwambia mvua. Akasema ndiyo, mvua kubwa mwaka huu.

Mama mkwe alikuwa anasikiliza nyuma ya pazia. Katoka, kasema, "Neno moja tu, baba. Mzima. Hata mtoto analiweza."

Aprili 6

Mvua.

Aprili 7

Mvua. Mama mkwe kanipikia vizuri. Najua kwa nini.

Aprili 8

Koplo kaja mchana, kalowa chapachapa. Mama mkwe alikuwa kwa jirani. Nilitaka kumfukuza mlangoni. Akasema, "Shemeji, dakika tano, halafu unipige kama unataka."

Nikampa kiti.

Akasema, "Ule mwavuli nilikunja mimi."

Sikuelewa. Nikamwambia kadi ilikuwa na jina la mke wangu.

"Tangu Januari hakukunja hata mmoja. Alikuwa anasimama kando ya meza ananielekeza kwa mdomo. Nakunja yangu, nakunja yake, yeye anasaini yake. Kila mmoja ana idadi yake ya siku, yake isipotimia wangemshtukia. Tulikubaliana mpaka Juni tu."

"Na Afande Mkuu?"

"Sheria inasema kila hatua aje atazame ndipo tuendelee. Hatua tano. Huwa anakuja Ijumaa, anasaini kadi zote za wiki kwa mkupuo."

"Alijua?"

"Ana macho, shemeji."

Nikamwuliza huo uliokataa ulikuwaje. Kasema siku ile alikuwa na miavuli kumi na mmoja ya kumaliza kabla ya saa tisa, na mke wangu alikuwa kwa daktari. Mipira ilikuwa imelegea. Badala ya kuitupa na kwenda stoo kuomba mingine, aliizungusha mara mbili. Mpira ukiuzungusha mara mbili unashika vizuri mezani. Angani unashika kupita kiasi, kamba haitoki.

"Dada angeniona angenikata vidole."

"Jioni alirudi, akasaini?"

"Alisaini. Hakufungua. Aliniamini."

Basi nikakaa. Siku kumi nilikuwa najua ni mikono yake. Haikuwa mikono yake. Nilitaka kufurahi nikashindwa.

Nikamwuliza, "Kwani wewe ni nani wake, mpaka ujitie hatarini hivyo?"

Alinitazama kama nimemtukana, na nilikuwa nimemtukana kweli. Kasema alipoletwa miavuli alikuwa amefeli mtihani wa rada na wa zimamoto, alikuwa anataka kutoroka. Mke wangu alimkalisha, akamfundisha kukunja mpaka akajua. Ni hivyo tu.

Nikamwuliza mingapi mingine iko rafuni yenye jina la mke wangu.

"Ishirini na sita."

"Mingapi umezungusha mipira mara mbili?"

"Sikumbuki. Siku zote zilikuwa za haraka."

"Si uikunjue basi."

"Imefungiwa mpaka bodi imalize. Ukisema alikuwa mzima, inarudi rafuni vile vile. Kuna zoezi tarehe 20."

"Kwa nini husemi mwenyewe?"

Aliangalia viatu vyake. Ana mke na mtoto mdogo, na mwezi ujao anakuwa sajini. Akasema, "Nimekuja kwako kwa sababu siwezi."

Sikumpiga.

Aprili 9

Mvua. Nimemkasirikia mke wangu. Maiti nayo mtu anaikasirikia, sikuwa najua. Hakuna aliyemshika mkono asaini. Jina ndicho kitu pekee alichokuwa nacho jeshini, akaligawa.

Aprili 10

Mama mkwe anasema picha yake ukutani waiweke ile ya kofia, siyo ile ya kucheka. Nimesema sawa.

Aprili 12

Nimekwenda hospitali ya kambi kumwona aliyeumia. Nilimwambia mimi ni mume wa Sajini wa miavuli. Nilidhani atanitukana. Miguu yote imening'inizwa kwa vyuma. Ana miaka ishirini na tatu.

Kasema, "Mzee, pole kwa Mama Mikunjo."

Sikujua kama walikuwa wanamwita hivyo.

"Unajua ile siku mwavuli huo haukuwa wangu? Mwenzangu ndiye alipewa. Tukipanga foleni huwa tunachungulia kadi. Ukiona jina la Mama Mikunjo unamringia mwenzako, unamwambia mimi leo nalala kitandani kwangu, wewe sijui. Jamaa alikuwa nao, mimi nina wa mtu mwingine. Nikamwomba tubadilishane. Akakataa. Nikampa zamu yangu ya kupumzika Jumapili ndipo akakubali."

Akacheka, halafu ikamuuma.

"Madaktari wanasemaje?"

"Nitatembea. Kuruka hapana. Watanipeleka stoo au kwenye simu, wale wabovu ndiko wanakokwenda." Kisha akaniuliza, "Mzee, kweli ni upepo? Afande Mkuu kasema ni upepo. Maana mimi sikuona upepo."

Nikamwambia sijui. Nimemdanganya mtu aliyelala.

Njiani mvua ilininyeshea yote. Nilikuwa nimekwenda pale nikiwa nimeshaamua kusema mzima.

Aprili 14

Mama mkwe kanipigia pasi shati. Kaniambia, "Mimi nilizaa mmoja, baba. Usinizikie mara mbili."

Aprili 15

Chumba cha bodi kina meza ndefu, Meja katikati, maofisa wawili pembeni. Afande Mkuu kakaa kwenye benchi ukutani, kakunja mikono. Koplo yuko nje koridoni.

Meja ni mtu wa heshima. Kanipa pole kwanza. Halafu, "Mzee, swali letu ni fupi. Miezi ya mwisho marehemu alikuwa na tatizo la mikono?"

Nilikohoa. Afande Mkuu akanitolea tabasamu dogo, kama mtu anayemsaidia mzee kuvuka barabara.

"Alikuwa nalo. Nilikuwa namfunga vifungo."

Ofisa mmoja akaandika.

"Tangu lini?"

"Desemba."

"Na wewe hukutoa taarifa."

"Sikutoa."

"Kwa hiyo alikuwa anakunja miavuli akiwa mgonjwa."

Hapo ningeweza kunyamaza. Wangeifungua ile ishirini na sita, Koplo angebaki salama, na mzigo wote angebeba yeye aliye chini ya udongo. Hasikii, haumii. Nilifikiri hivyo, siongopi.

Nikasema, "Hakukunja. Alisaini tu. Huo mwavuli hakuugusa."

Meja akaweka kalamu chini. "Nani alikunja?"

"Yuko koridoni. Mwiteni aseme mwenyewe."

Wakamwita Koplo. Kasimama wima. Meja kamwuliza mara moja tu. Akasema, "Mimi, afande." Akaeleza yote, mipira, kumi na mmoja kabla ya saa tisa, hakuficha. Safari hii hakulia. Alinitazama mara moja, sikuyajua yale macho.

Wakamwuliza Afande Mkuu kama alikuwa anajua. Akasimama, akasema hakuwa na taarifa yoyote.

Nikasema, "Hatua tano, kila moja anatakiwa atazame kwa macho yake. Mwulizeni alikuwa anatazama nini."

Meja akaniambia taratibu, "Mzee, hilo silo tulilokuitia."

Wakanishukuru. Nikatoka.

Nyumbani mama mkwe alikuwa mlangoni ananisubiri. Alinitazama usoni, hakuuliza. Akaingia ndani.

Aprili 16

Hasemi na mimi. Chakula changu kakiweka mezani kafunika. Mvua.

Aprili 19

Jirani kasema zoezi la kesho limeahirishwa.

Aprili 23

Mvua. Hasemi.

Aprili 28

Barua. Pendekezo la cheo cha marehemu limeondolewa. Mistari mitatu, na muhuri.

Mama mkwe kaisoma, kaiweka juu ya meza, kaenda kuanua nguo. Zilikuwa bado mbichi.

Mei 2

Nimekwenda kambini kuchukua sanduku lake la karakana. Langoni nikamkuta Koplo. Si koplo tena, mkono wa sare umebaki na alama ya uzi pale kilipokuwa cheo. Kawekwa ulinzi. Kwa sheria yao ukishatolewa kwenye kazi ya ndege kwa kosa la sahihi huwezi kurudi tena.

Akafungua kitabu cha wageni.

"Kitambulisho, mzee."

Nikampa. Akaandika jina langu herufi moja moja.

"Unakwenda wapi?"

"Karakana ya miavuli."

"Kufanya nini?"

"Kuchukua vitu vya mke wangu."

Akaandika hilo nalo. Akafungua kizuizi. Nilikuwa nataka aniite shemeji. Hakuniita.

Ndani ukutani palikuwa na msumari tayari. Afande Mkuu alikuwepo, kanipa sanduku mwenyewe, mchangamfu tu. Kaniambia gwaride lake la kustaafu ni Juni kumi, watapiga bendi. Nikamwuliza ile ishirini na sita ilikutwaje.

"Tumefungua yote. Tisa mipira ilikuwa imezungushwa mara mbili." Akatikisa kichwa kama mtu anayesikitikia jambo la mbali. "Vijana hawa, mzee."

Tisa.

Mei 3

Nimemwambia mama mkwe ile hesabu, tisa. Nimemwambia ni watu tisa, wana mama zao.

Kasema neno la kwanza tangu siku ile. "Nimesikia." Akaendelea kuchambua mchele.

Mei 7

Mvua kidogo. Asubuhi tu.

Mei 11

Mama mkwe kaondoka. Kaenda kwa mdogo wake. Nilimbebea begi mpaka kituoni, hakukataa. Tulikaa kwenye benchi tukingoja basi, watu wanadhani tuko sawa.

Akasema, "Najua ulifanya lililotakiwa."

Nikaliweka begi lake magotini.

"Lakini siwezi kukuangalia, baba. Nikikuangalia naona barua."

"Sawa mama."

"Pilipili nimeacha kwenye kopo la bluu."

Basi likaja. Alipanda, akakaa dirisha la upande wa pili.

Mei 12

Jua.

Mei 15

Jua. Nimetandika kitanda. Nimefua sare nne. Sijui nimezifua kwa nini.

Mei 18

Jua siku ya saba. Msimamizi kapita na baiskeli, hakushuka, kaweka mguu mmoja chini.

"Udongo umekaza. Wenzako watano wamepata kibarua kingine. Wewe?"

"Nipo."

"Pole na msiba. Nimesikia mambo ya kambini. Wanasema mkeo alikuwa anakosea kazi."

"Wanasema hivyo?"

"Mtaani ndiyo wanavyosema."

Nilitaka kumweleza. Desemba, Januari, kumi na mmoja kabla ya saa tisa, tisa kati ya ishirini na sita. Ni maneno mengi kwa mtu aliye juu ya baiskeli.

Nikamwambia, "Hakuwa anakosea."

Akasema, "Haya. Saa kumi na mbili na nusu uwe langoni. Ukichelewa naandika mwingine."

Kesho narudi kazini.